Heda za sistimu zikiharibika: kwa nini kuinstoli gcc upya hakujakusaidia

Swali lenyewe kwa ufupi: msomaji anatumia Ubuntu, anajifunza C, laptop yake ilizima betri katikati ya kuapdeti sistimu, na tangu siku hiyo hata programu ya mistari mitano inayoandika "habari dunia" haikompailiki, inamwaga erori zaidi ya arobaini na zote zinataja heda, yaani mafaili ya .h ya ndani ya /usr/include, ambako yeye hajawahi kugusa. Ametoa gcc akairudisha mara mbili, hali ileile. Anauliza vitu viwili, tatizo liko wapi, na je anaweza tu kuchukua stdio.h ya mwenzake akaibandika kwake yakaisha.

Mkuu, naanza na hilo la pili maana naogopa unaweza ukalifanya kabla hujafika mwisho wa jibu hili. Usibandike. stdio.h sio faili linalojitegemea, ni kama mlango tu, ukiingia ndani inaita features.h, inaita bits/types.h, inaita bits/types/struct_FILE.h na nyingine nyingi, na zote hizo zimeandikwa zikae pamoja kwa toleo moja la glibc, yaani maktaba kuu ya C kwenye Linux. Mwenzako akiwa na toleo tofauti na lako utapata mchanganyiko ambao leo unaweza ukakompaili alafu kesho ukakupa erori ya ajabu sehemu nyingine kabisa, na hapo utakuwa umepoteza hata ule ushahidi wa nini kiliharibika mwanzoni. Na kuna kitu kingine, huna uhakika kwamba iliyoharibika ni stdio.h. Kwa maelezo yako mimi naona kama sio yenyewe.

Sasa kwa nini gcc kuirudisha hakujasaidia. Watu wengi wanadhani heda zote zinakuja na kompaila, kumbe hapana. Kwenye Ubuntu na Debian faili la /usr/include/stdio.h ni mali ya paketi inaitwa libc6-dev, sio gcc. Zile za /usr/include/linux ni za linux-libc-dev. Za C++, yaani iostream na vector na wenzake, ni za paketi ya libstdc++ yenye namba ya toleo, mfano libstdc++-12-dev. Gcc yenyewe ina heda zake chache tu kama stddef.h na stdarg.h, zinakaa kule /usr/lib/gcc na zinakuja na paketi kama libgcc-12-dev. Kwa hiyo ulipotoa gcc na kuirudisha, libc6-dev yako ilibaki palepale na majeraha yake, apt (programu inayoinstoli paketi) iliona tayari ipo haikuwa na sababu ya kuigusa. Ulikuwa unatibu mguu wakati kinachouma ni jino.

Kabla hatujaanza kutengeneza naomba tusome erori vizuri, maana hapa ndo wengi wanapotea. Kwenye swali lako umeweka mistari ya mwisho, yote inasema

unknown type name '__off_t'

na hiyo ni kawaida ya mtu kuangalia kilichobaki kwenye skrini. Lakini kompaila ikishapotea njia mara moja, yote inayolalamikia baada ya hapo ni matokeo ya kupotea kule kwa kwanza. Panda juu kabisa, erori ya kwanza ndo ya kuiamini. Kama terminali imeshapita mbali fanya hivi:

gcc habari.c 2>&1 | head -n 20

au mwambie gcc asimame kwenye erori ya kwanza tu:

gcc -Wfatal-errors habari.c

Hilo jina __off_t halitengenezwi ndani ya stdio.h, linatengenezwa ndani ya bits/types.h, kwa hiyo stdio.h inapolalamika kwamba hailijui maana yake bits/types.h haikufanya kazi yake. Ukipanda juu naamini utakutana na kitu kama unterminated #ifndef kwenye bits/types.h. Heda karibu zote zinaanza na #ifndef na kufungwa na #endif mwishoni kabisa ili zisisomwe mara mbili, sasa faili likikatwa katikati ile #endif inakosekana na kompaila inakuambia kuna kitu kimefunguliwa hakijafungwa. Ukiona erori hiyo kwenye heda ya sistimu ambayo hakuna mtu aliyeigusa, faili limekatika mkia, sijui sababu nyingine ya kawaida zaidi ya hiyo.

Na ule mnyororo wa juu wa erori unaoanza na In file included from, usiuruke. Mstari wa kwanza unakuambia faili lililoita lile lenye tatizo, unaofuata unakuambia nani alimwita huyo, mpaka wa mwisho ambao ni faili lako wewe. Yaani ni njia nzima ambayo kompaila ilipita, imeandikwa kinyumenyume kuanzia pale ilipokwama kurudi kwako.

Sasa hatua ya kwanza kabisa ya kweli, na hii naisisitiza kwa kila mtu sio wewe tu, hakikisha kosa sio la kodi yako mwenyewe. Najua unasema programu ni ya mistari mitano, lakini watu wengi wanaokuja na kilio cha heda kuharibika, heda zao ni nzima. Andika hivi ukiwa ndani ya /tmp, sio ndani ya folda la kazi yako:

cd /tmp
echo '#include <stdio.h>' | env -u CPATH -u C_INCLUDE_PATH gcc -x c -fsyntax-only -

Hapo hakuna kodi yako hata herufi moja, ni kuita heda tu na kumwambia gcc akague sarufi bila kutengeneza kitu, na zile env -u zinaondoa folda za ziada ambazo huenda gcc aliwekewa azisome. Ikipita kimya bila neno, basi stdio.h na zote inazoziita ni salama na tatizo lipo kwako au kwenye jinsi unavyokompaili. Ikitoa erori, hapo ndo tuna haki ya kuanza kuishuku sistimu. Ukitaka kupima nyingi kwa mpigo:

for h in stdio stdlib string time math errno signal pthread; do echo "#include <$h.h>" | gcc -x c -fsyntax-only - 2>/dev/null || echo "mbovu: $h"; done

Kwa wengine watakaosoma hapa na jaribio likapita kimya, ngoja nieleze haraka yanayofanya heda nzima ionekane mbovu. La kwanza na linaloongoza ni nukta mkato kukosekana mwisho wa heda yako mwenyewe. Una faili mali.h, mwisho wake kuna struct umesahau kuweka ; baada ya mabano, alafu kwenye main.c umeandika include ya mali.h na chini yake include ya stdlib.h. Kompaila inaendelea kusoma tu ikidhani sentensi bado haijaisha, inaingia ndani ya stdlib.h au kwenye heda inayoitwa na hiyo, inakutana na neno ambalo haikulitegemea, inapiga kelele huko. Erori inataja /usr/include lakini kosa lipo mstari mmoja nyuma kwenye faili lako. Njia rahisi ya kulijua ni kuhamisha include za sistimu ziwe juu ya zako, kama erori inahama na kuja kwenye faili lako basi umeshampata.

La pili ni majina. Umetengeneza faili lako ukaliita time.h au string.h, alafu unakompaili na -I. kwa hiyo kompaila inapotafuta time.h inaanza kwenye folda lako kabla ya kufika kwenye sistimu, hata kama umeandika kwa alama za < na >. Watu wanadhani zile alama zinalinda, hazilindi ukitumia -I. Tumia -iquote badala yake, hiyo inahusu zile za alama za kunukuu tu. Kwenye macOS na Windows ambako diski kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo hii inauma zaidi, ukiwa na faili linaitwa VERSION kwenye folda la mradi na una -I. basi C++ inayotafuta heda yake inayoitwa version inalichukua lile la kwako, na unaletewa erori kwamba namba ya toleo sio kodi halali. Nimeona watu wanafuta kompaila nzima kwa sababu ya faili hilo moja la maandishi.

La tatu ni makro, mtu ameandika #define na neno fupi la kawaida alafu chini ameita heda za sistimu, neno lile likiwa ndani ya heda linageuzwa. Na la nne linawapata wa C++ peke yao, mradi umewekewa -isystem /usr/include, mara nyingi sio kwa mkono bali na CMake, alafu unapata

fatal error: stdlib.h: No such file or directory

ikitokea ndani ya cstdlib. Faili lipo, unaliona kwa ls, lakini kompaila hailioni. Sababu ni kwamba cstdlib inatumia #include_next, yaani inamwambia kompaila tafuta stdlib.h kwenye folda linalofuata baada ya hili, na ile -isystem imelihamisha /usr/include kutoka mwisho wa foleni kwenda mbele, kwa hiyo baada yake hakuna linalofuata. Toa hiyo fulagi tu, gcc inaijua /usr/include bila kuambiwa.

Ukitaka kuona foleni yenyewe ilivyo andika

echo | gcc -x c -v -E - 2>&1 | grep -A8 'search starts here'

na uangalie kama kuna folda usilolitegemea. /usr/local/include inasomwa kabla ya /usr/include, kwa hiyo kama siku moja uliwahi kufanya sudo make install ya kitu ulichokidaunilodi, inawezekana kuna heda ya zamani imejikalia pale inaifunika ya sistimu. Na fulagi ya -H ni rafiki mkubwa, inachapisha kila heda inayofunguliwa kwa njia yake kamili, ikiwa na nukta zinazoonyesha kina, kwa hiyo unaona kwa macho yako ni faili gani haswa linasomwa na sio lile unalodhani linasomwa.

Haya turudi kwako mkuu, tuseme jaribio la /tmp limetoa erori, ambalo nategemea litatoa. Sasa tunauliza swali moja tu kwa kila faili linalotajwa: mali ya nani? Andika

dpkg -S /usr/include/x86_64-linux-gnu/bits/types.h

itakujibu libc6-dev. Alafu muulize dpkg (programu inayotunza kumbukumbu za paketi zilizoinstoliwa) kama mafaili ya paketi hiyo bado yako kama yalivyofika:

dpkg -V libc6-dev

Hii ni komandi ambayo natamani ingefundishwa siku ya kwanza. Paketi inapokuja inakuja na orodha ya md5 za mafaili yake (md5 ni namba inayohesabiwa kutoka kwenye yaliyomo ya faili), inahifadhiwa kule /var/lib/dpkg/info, na -V inahesabu upya md5 ya kila faili lililo kwenye diski yako na kulinganisha. Ikikaa kimya, yote ni mazima. Ikitoa mstari wenye tarakimu 5 na jina la faili, hilo limebadilika. Ikitoa missing, limepotea. Hapo hubahatishi tena, una majina. Fanya hivyohivyo kwa linux-libc-dev na kwa libgcc na libstdc++ zako, na kwa kuwa mashine ilizima katikati ya kuapdeti mimi ningekwambia andika dpkg -V peke yake bila jina ikague paketi zote, itachukua muda, acha iende. Mistari yenye herufi c kabla ya jina la faili ni mafaili ya mipangilio, hayo kubadilika ni kawaida usishtuke.

Angalia pia jeraha lilivyo, kwa sababu umbo la jeraha linakuambia kilichotokea. Faili lenye ukubwa wa sifuri au lililokatwa katikati linaendana na mashine kuzima, maana Linux haiandiki kwenye diski papo hapo, data inakaa kwanza kwenye memori ikisubiri, umeme ukikatika kabla haijashuka jina la faili linaweza kubaki bila nyama yake. dpkg inajitahidi kulazimisha data ishuke kabla ya kuweka faili jipya mahali pa la zamani, ila inategemea na diski yenyewe kusema ukweli kwamba imeandika. Haya unayatafuta kwa

find /usr/include -type f -size 0

na kila utakalolipata lihakikishe kwa dpkg -V kwanza kabla hujalihukumu, baadhi ya heda ni tupu kihalali. Faili lenye kipande cha baiti za sifuri katikati au takataka zisizosomeka ni dalili ya diski au mfumo wa mafaili. Faili lenye stray '\302' in program, hapo mara nyingi kuna mtu alikopi maandishi kutoka kwenye ukurasa wa wavuti na ile nafasi isiyokatika ikaja nayo, yaani binadamu. Na herufi moja tu kupungua au mstari mmoja kukosekana, hapo pia fikiria binadamu: umebonyeza jina la fankshen kwenye edita ikakupeleka mpaka ndani ya stdio.h, edita ulikuwa umeifungua kwa sudo, ukagusa x kwenye vim, ambayo inafuta herufi, ukaseva bila kuona. Kwa mtumiaji wa kawaida hilo haliwezekani kwa sababu faili ni la root (msimamizi wa mashine), ndio maana nasema kila siku usifungue edita ya kodi kwa sudo.

Muda wa faili nao unasaidia. Andika stat na jina la faili, utaona Modify na Change. Modify ya heda iliyotoka kwenye paketi ni siku paketi ilipotengenezwa huko, sio siku ulipoinstoli, kwa hiyo inatakiwa iwe ya zamani na ifanane na za wenzake. Ukiona heda moja Modify yake ni ya jana saa nne usiku na nyingine zote ni za miezi iliyopita, kuna mkono uliandika pale.

Kutengeneza kwenyewe ni kufupi. Maliza kwanza kazi ambayo betri iliikatisha:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install

alafu safisha stoo ya apt ili isitumie faili lililodaunilodiwa zamani, na rudisha paketi zilizotajwa:

sudo apt clean
sudo apt update
sudo apt install --reinstall libc6-dev linux-libc-dev

Ongeza na nyingine yoyote ambayo -V imeitaja. Kisha rudia dpkg -V, inatakiwa iwe kimya kabisa, alafu rudia lile jaribio la /tmp. Hapa naomba tusikilizane vizuri: neno ni install --reinstall na paketi ni libc6-dev yenye dev mwishoni. Usijaribu kutoa libc6 yenyewe isiyo na dev ili uiweke upya, hiyo ndo karibu kila programu kwenye mashine inaitegemea, pamoja na apt na terminali yako, ukiilazimisha kutoka hutakuwa na kitu cha kuirudishia. Apt ikikuonya kwamba unataka kutoa paketi za lazima, simama, kitu umekiandika vibaya.

Apt ikikataa na kusema matoleo hayaendani, angalia

apt policy libc6 libc6-dev

Hizi mbili lazima ziwe na toleo linalofanana mpaka herufi ya mwisho, ndivyo libc6-dev inavyodai. Kama moja imepanda na nyingine imebaki, basi apdeti iliishia njiani, imalizie kwa sudo apt full-upgrade ukiwa umechomeka chaja, na usome orodha ya vitakavyotolewa kabla ya kukubali.

Na kama ulishafuta kitu ndani ya /usr/include kwa hasira, au hata folda lote, bado hakuna haja ya kufomati. Andika dpkg -S /usr/include, itakupa orodha ya paketi zote zenye kitu mle ndani, zirudishe hizo zote kwa --reinstall na folda linajaa tena.

Sasa sehemu ambayo mimi naiona nzito kuliko zote na ambayo watu wanairuka kwa sababu kodi imeshakompaili wana furaha. Jiulize kwa nini iliharibika. Kwako sababu inaonekana, betri iliisha, na mimi nakubaliana nayo, lakini usiikubali bila kuipima. Niliwahi kukaa na mashine moja ambayo heda ilivunjika, nikarudisha paketi, ikapona, baada ya siku mbili ikavunjika heda nyingine kabisa. Nikaifungua nikakuta sehemu ya nukta mkato kuna bano la kufungua, { badala ya ;. Ningedhani mtu kaandika, lakini hakuna mtu aliyegusa. Ukiangalia namba za herufi, ; ni 59 na { ni 123, tofauti yake ni 64 kamili, yaani biti moja tu imegeuka kutoka sifuri kuwa moja. Hivyohivyo t ikigeuka biti hiyo inakuwa 4, na # na c zinatofautiana kwa biti hiyohiyo. Binadamu akikosea kuandika hakosei kwa mpangilio huo, memori mbovu ndo inakosea hivyo. Niliacha memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku mzima, asubuhi nikakuta erori nyekundu, nikatoa kipande kimoja cha RAM na tatizo halikurudi tena. Siku zote mbili nilizotumia kulaumu paketi zilikuwa za bure.

Kwa hiyo ukiona herufi iliyobadilika na haileti maana, hesabu tofauti ya namba zake. Na kuna kipimo kingine rahisi cha memori, erori zikihama. Heda iliyoharibika kwenye diski inatoa erori ileile sehemu ileile ukikompaili mara mia. Erori ikiwa leo kwenye stdlib.h, ukirudia ipo kwenye string.h, ukirudia tena inapita, au gcc yenyewe inakufa na internal compiler error: Segmentation fault sehemu tofauti kila mara, hapo acha kabisa habari za heda ukapime RAM. Inawezekana pia faili la kwenye diski ni zima ila kopi yake iliyo kwenye memori ndo imeharibika, maana Linux ikishasoma faili inalihifadhi kwenye memori ili isirudi diski. Ukiwasha mashine upya na md5 ikawa sawa bila ya wewe kurudisha paketi yoyote, umepata jibu na jibu sio zuri.

Kwa diski angalia kwanza sudo dmesg (ujumbe wa kernel) kama kuna maneno ya I/O error, alafu

sudo smartctl -a /dev/sda

inayoonyesha afya ya diski, ubadilishe jina la diski kulingana na yako. Kwenye diski nyingi za SATA utaona mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Hiyo ya pili ikiwa na namba juu ya sifuri maana yake kuna sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuamua, na hapo kabla ya kompaila kabla ya kitu chochote kopi mafaili yako muhimu upeleke mahali pengine. Heda zinarudishwa na apt kwa dakika mbili, kazi zako hakuna apt ya kuzirudisha.

Kwa wasio kwenye Ubuntu, njia ni ileile komandi ndo tofauti. Fedora na ndugu zake, rpm -qf itakuambia mwenye faili, kawaida utaona glibc-devel au glibc-headers, rpm -V na jina la paketi inakagua, ukiona S maana yake ukubwa umebadilika na 5 maana yake yaliyomo yamebadilika, na dnf reinstall inarudisha. Arch ni pacman -Qo, kisha pacman -Qkk, na stdio.h huko ipo ndani ya glibc yenyewe, kwa hiyo unairudisha kwa pacman -S glibc bila kuitoa. Kwenye macOS usiitafute /usr/include, tangu toleo la 10.14 haiwekwi tena, heda zipo ndani ya SDK (kifurushi cha vifaa vya waandika programu), xcrun --show-sdk-path itakuonyesha, na kama ni za Command Line Tools dawa yake ni kufuta folda la /Library/Developer/CommandLineTools alafu xcode-select --install. Windows mwenye Visual Studio afungue Visual Studio Installer achague Repair, asihangaike ndani ya Windows Kits kwa mkono.

Kwa aliyejijengea gcc mwenyewe kutoka kwenye kodi yake, au anatumia ya zamani pembeni, kuna mtego mmoja zaidi. Gcc wakati wa kujengwa huwa inachukua baadhi ya heda za sistimu inazirekebisha na kuweka kopi zake kwenye folda linaitwa include-fixed, na folda hilo linasomwa kabla ya /usr/include. Miaka ikipita unaapdeti glibc, /usr/include inabadilika lakini zile kopi zinabaki za zamani, na unapata mgongano ambao dpkg -V haitauona kwa sababu paketi zote ni nzima kweli. -H itakuonyesha njia yenye include-fixed ndani yake, ukiiona jenga gcc upya juu ya glibc mpya.

Jambo la mwisho kwako mkuu, ukishapona usikompaili juu ya mabaki. Fanya make clean kwenye miradi yako, futa mafaili yote ya .gch kama ulitengeneza heda zilizokompailiwa kabla, na kama unatumia ccache, inayohifadhi matokeo ya kukompaili, isafishe kwa ccache -C. Kisha anza na ile habari.c yako. Ikigoma tena, andika hapa vitu vitatu bila kufupisha: mistari ishirini ya kwanza ya erori, majibu ya dpkg -V nzima, na matokeo ya gcc -H kwenye lile jaribio la /tmp, nitapitia mstari kwa mstari.